Mheshimiwa Kiporo

Kila kitu katika nchi hii kimeshapata wa kukisifia. Karafuu ina malenga wake, ng'ombe ana waimbaji wake, na kwenye mahafali ya chuo ninakofanya kazi nimewahi kumsikia mshereheshaji akilisifia jenereta dakika nne nzima. Kiporo, ambacho kimewalisha watu wengi kuliko karafuu na kuwavusha siku nyingi kuliko jenereta, hakina msemaji. Anayekila hufunga mlango kwanza.

Leo nakisemea mimi. Niko likizo nyumbani Vudee, wilaya ya Same, huku juu kwenye milima ya Upare. Ni saa moja asubuhi, ukungu bado umeikalia migomba, na mbele yangu kuna bakuli la makande yaliyopikwa jana. Kwa kazi mimi ni afisa mitihani katika idara moja ya chuo kikuu cha umma, jina refu la mtu anayehesabu bahasha. Siku ya mahafali wenzangu wanavaa majoho, mimi napanga viti. Naomba basi nisikilizwe kama shahidi, maana nimekula kiporo, nimefanya kazi za kiporo, na fedha zangu nyingine nazo ni kiporo hadi leo.

Tuanze na nasaba. Watani wetu husema Mpare ni bahili, tena yuko radhi kuuza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. La kesi sitalijibu hapa, bado liko mahakamani. La ubahili nalijibu kwa maji.

Vudee iko juu, Bangalala iko chini yetu, na Makanya iko chini kabisa, kando ya barabara kuu inayounganisha Dar es Salaam na Arusha. Kadiri unavyoshuka ndivyo mvua inavyozidi kuwa ya kusimuliwa. Mto wetu ni mwembamba. Ukiuelekeza shambani moja kwa moja, mfereji wenyewe unayanywa maji kabla mahindi hayajaonja. Wazee wakalitazama jambo hilo, wakachimba ndiva, yaani bwawa dogo la kukingia. Usiku watu wamelala, maji yanaingia taratibu na kujaa. Asubuhi mwenye zamu anazibua, na yale yaliyolala yanatoka kwa nguvu hadi shamba la mbali. Ndiva ni nini basi, kama si sufuria ya kiporo? Ina zamu zake na wazee wake, na siku ya kuitoa matope hupigwa msaragambo, yaani mwito wa kazi ya pamoja. Asiyetokea anatozwa faini.

Katika miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, pamoja na wenzao kutoka Delft na Stockholm, walikuja kwenye bonde hili na vipimo vyao kuyasoma maji haya. Tasnifu zikaandikwa, watu wakapata shahada za uzamivu. Yaani wasomi wameitwa madaktari kwa sababu ya maji yaliyolala, halafu wasomi wenzao wakiniona ofisini na bakuli la makande yaliyolala, wananicheka.

Nasaba imetosha, twende kwenye fadhila. Mshahara wangu huingia mwishoni mwa mwezi, na wiki ya kwanza mimi ni mtu wa kantini: chai ya maziwa, chapati mbili, na saa saba wali na samaki. Ikifika tarehe 10 kantini inageuka kuwa njia ya kupita. Tarehe 15 nahamia kwa mama ntilie wa nje ya geti, ambaye ana daftari la madeni lililopangwa vizuri kuliko rejista yetu ya mitihani. Tarehe 20 naanza kumkwepa na yeye. Hapo ndipo kiporo kinaponipokea, bila daftari na bila kuniuliza nilikuwa wapi.

Makande, kama yatalazwa, yana adabu zake. Jumapili nachemsha mahindi yaliyokobolewa pamoja na maharage hadi yaive. Naunga kwa kitunguu na mafuta kidogo, natia chumvi. Tui la nazi silitii kwenye sufuria nzima. Nalitia kwenye ya kula siku hiyo tu, kwa kuwa tui ndilo linalochacha mapema. Kabla ya kulala nayarudisha jikoni yatokote tena, nayaacha yapoe, ndipo nayafunika. Na kijiko kilichoingia mdomoni hakirudi sufuriani, kiwe cha nani. Vudee baridi ya mlima inakufanyia nusu ya kazi. Mjini joto halina huruma na mzembe. Ukiyashika hayo, makande ya Jumatatu yanayapita ya Jumapili kwa mbali: maharage yamepasuka, mchuzi umekuwa mzito, chumvi imeingia hadi ndani ya punje. Na chini kabisa kuna ukoko, ambao siuzungumzii hapa kwa sababu unastahili makala yake.

Saa nne asubuhi nafungua hotpoti yangu mezani, katikati ya bahasha za mitihani. Harufu ya makande haijui siri za ofisi. Siku moja profesa mmoja, mtu wa kula samaki kwa uma, alisimama mlangoni.

"Hiyo ni nini?"

"Makande, Prof. Karibu."

"Ya leo?"

"Ya jana."

"Ndiyo yenyewe," akasema, akavuta kiti.

Tukala kimya kama watoto wa nyumba moja. Alipomaliza alinieleza kwamba wanga uliopikwa ukapoa hubadilika, sehemu yake ikawa ngumu kumeng'enywa, na hivyo sukari haipandi mwilini kwa kasi. Nilimshukuru sana. Mama yangu hulisema jambo hilohilo kwa maneno mawili: "Yanakaa tumboni." Ila nataka mlione hilo la kiti. Miaka yote niliyomfahamu profesa yule tulikuwa tunasalimiana kwa nyadhifa. Kiporo kikatukalisha meza moja kwa dakika ishirini, jambo ambalo kamati ya ustawi wa wafanyakazi haijaliweza.

Ukoo wa kiporo haukuishia jikoni. Wapenzi wa soka wanajua mechi za kiporo, na wanajua kwamba kulala hakuipozi mechi. Dabi ya Yanga na Simba iliyokuwa ichezwe tarehe 8 Machi 2025 ililala hadi tarehe 25 Juni, na ilipopakuliwa ilikuwa bado inaunguza mdomo. Simba waliungua mara mbili.

Chuoni kwetu kiporo kina jina la kitaaluma: sapu. Mwanafunzi aliyeangushwa na mtihani Julai anaupasha moto Septemba. Wazazi huiona sapu kama msiba. Mimi naiombea dua, kwa sababu bila sapu ofisi ya mitihani isingekuwa na la kufanya wakati wa likizo ndefu, na mtu asiye na la kufanya ndiye wa kwanza kukumbukwa watumishi wanapopunguzwa. Hata mfumo wa PEPMIS, uliochukua nafasi ya OPRAS katika kupima utendaji wetu, unaniona mchapakazi kwa sababu ya viporo. Mtu anayemaliza kazi zake zote Ijumaa, Jumatatu atajaza nini?

Kuna siku kiporo kiliinusuru ajira yangu yenyewe. Ulipokuja uhakiki wa vyeti, tuliambiwa tupeleke vyeti halisi, si nakala. Changu cha kidato cha nne nikakitafuta chumba kizima, sikukiona. Nikapiga simu Vudee.

"Shikamoo mama. Cheti changu kipo huko?"

"Marahaba mwanangu. Kipo kwenye sanduku la bati, chini ya vitenge vya msibani. Umeanza lini kukihitaji?"

"Leo."

"Ndiyo maana sikukupa siku zote hizo."

Tarehe 28 Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki huo pale Chuo Kikuu cha Dodoma, ikiwa na watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Siku zile ofisini hata wenye vyeti halali walitembea wakijishika mfukoni. Mimi nilikuwa nanukia dawa ya nondo, ile ya sanduku la mama, na sijawahi kupaka manukato yaliyonipa amani kama ile harufu.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo nao ni kiporo, ila hiki unakila kwanza, kukipasha moto ni baadaye. Nilikula nikiwa mwanafunzi. Leo nakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 8. Wenzangu wananung'unika kila slipu inapotoka. Mimi nawauliza: ni chakula gani kingine ulichokila ukiwa na miaka 22 na hadi leo, una watoto watatu, bado unakisikia? Mama aliwahi kusema, yanakaa tumboni.

Halafu kuna malimbikizo. Barua yangu ya kupandishwa daraja ilifika ikiwa imechelewa, lakini kwa adabu: ilisema nimepanda tangu miaka miwili nyuma, na kwamba tofauti ya mshahara nitalipwa fedha zitakapopatikana. Nimeiweka barua hiyo kwenye plastiki. Nawaambieni, hakuna fedha tamu kama ile usiyoweza kuitumia vibaya. Mwenzangu aliyelipwa yake alinunua pikipiki, ikaibiwa kabla haijamaliza mwezi. Yangu hakuna mwizi aliyeifikia. Ndugu hawaikopi, watoto hawaijui, na kila nikihesabu naikuta kamili.

Kiporo kikuu kuliko vyote ni pensheni. Kwa miaka thelathini na zaidi unapunguziwa sahani kila mwezi, kinachopunguzwa kinalazwa kabatini, ili uzeeni usile kwa kuomba. Nani atapinga hilo? Mpare hawezi. Mjadala uko kwenye upawa. Zamani wastaafu wa mifuko mingine walipakuliwa nusu ya kiporo chao kwa mkupuo, wa mifuko mingine robo. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma ikaunganishwa ikawa PSSSF, kikaja kikokotoo cha robo kwa wote. Kelele zikawa nyingi, hadi Desemba mwaka huo Rais akarudisha vikokotoo vya zamani kwa muda. Julai 2022 ikawa asilimia 33. Bajeti ya 2024 ikawapandisha waliozoea nusu hadi 40, na waliozoea robo hadi 35. Kinachobaki utapewa kila mwezi, kijiko kwa kijiko, ukiwa hai.

Ukiitazama vizuri, hii ni hekima ya ndiva: usiyaachie maji yote siku moja. Tofauti ni ndogo tu. Kwenye ndiva, mwenye zamu anashika kizibo mwenyewe.

Najua wapinzani wa kiporo watasema kinaumiza tumbo. Siwakatalii. Wali uliolala kwenye joto unaweza kukupeleka zahanati kabla ya saa sita, na mimi mwenyewe nimewahi kusimamia mtihani nikiwa nimebana miguu kuliko watahiniwa. Lakini hilo si kosa la kiporo, ni kosa la aliyekilaza akakisahau. Kiporo ni chakula chenye mtu wa kukikumbuka: anajua kimelala tangu lini, ni cha nani, na kitaliwa saa ngapi. Akikosekana mtu huyo, jina linabadilika.

Asubuhi hii nimemtazama mama akifunua sufuria. Hakusoma waraka, hakuitisha kikao. Aliinamisha uso, akanusa, akatikisa kichwa kukubali, akaiteleka. Kulikuwa na kisufuria kingine cha juzi, cha maharage yenye tui. Akakinusa nacho, akakunja pua, akatoka nje akawamwagia kuku. Shughuli nzima haikufika dakika moja.

Tunaambiwa akiba haiozi, na ninaamini hivyo nikiwa Vudee. Barua yangu ya daraja sasa ina mwaka wa tatu. Nimeisifia kadiri ya uwezo wangu, nimeipamba kwa maneno, nimeifananisha hata na maji ya wazee wetu. Wewe uliyeshika ufunguo wa kabati, fungua, nusa, pakua. Cha kuvunda hakina ubani.