Chawa wa Daraja la Kwanza

Bango lilitundikwa Jumamosi. Kufikia Jumatatu jioni nilikuwa nimepita chini yake mara sita, na mara moja nilisimama kabisa kulistaajabia, maana Kiingereza chake kilikuwa kazi ya mdomo wangu, na wekundu wa rangi yake ulionekana tangu stendi ya Rujewa. Aliyenifumbua macho ni mwanafunzi wangu, fundi wa mashine kutoka China. Alifika darasani kabla ya wenzake, akaninyooshea simu. Kwanza picha ya bango: MBARALI SUPER LICE, GRADE ONE. Akatelezesha kidole, ikaja picha ya pili ambayo programu yake ya tafsiri ilikuwa imemtafutia: mdudu, miguu sita, tumbo limeshiba.

"Ticha," akauliza kwa adabu zote, "hawa mnawauza kwa kilo au kwa gunia?"

Chawa. Tena wa daraja la kwanza.

Najua siku hizi chawa si mdudu peke yake. Chawa ni yule anayemganda tajiri au mheshimiwa, akimsifia hata anapopiga chafya, na kwa maana hiyo wilaya yoyote nchini ingeweza kutundika bango kama lile bila kuonekana imesema uongo. Lakini jirani yangu, mwenye duka lenye bango lile, anauza mchele. Na kosa halikuwa lake, wala la mchora mabango.

Jirani alinipigia simu Jumamosi asubuhi, mchoraji ameshapanda ngazi na brashi inadondosha rangi. "Mwalimu, hili neno la mchele kwa Kiingereza linaanza na nini?" Mimi nilikuwa nyuma ya bodaboda, upepo unavuma masikioni. Nikajibu kwa uhakika wa mtu aliyeshika chaki miaka kumi na tisa: "Ari!" Yeye akasikia eli. "Eli?" "Hapana, ari! Ari, kama Rujewa!" Kukawa kimya kidogo, kisha akasema kwa furaha: "Ahaa, kama Lujewa. Nimekupata, mwalimu, Mungu akubariki."

Hapo ndipo aibu yangu ilipo, na ni bora niitoe mwenyewe kabla haijatolewa na wengine. Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe. Bibi yangu, aliyenilea, aliishi na kufa akiuita Mlima Rungwe kwa jina la Lungwe, na mlima wenye karibu mita 2,960 haukutikisika kwa herufi moja. Chuoni walinifundisha ulimi uwekwe wapi kwa r na uwekwe wapi kwa l. Nilipasi. Ila nikichoka, nikikasirika, au nikiwa juu ya bodaboda, bibi yangu ndiye anayesema.

Darasa lenyewe la jioni sikulianzisha kwa wito wowote. Asubuhi nafundisha sekondari, ambako ukutani tumeandika kwa herufi kubwa SPEAK ENGLISH ONLY, na mtoto asiyeelewa tunamweleza kwa Kiswahili maana yake. Hawa watoto wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, wakaingia kidato cha kwanza wakakuta karibu kila kitabu kimegeuka Kiingereza, isipokuwa vichache, kikiwamo cha Kiswahili chenyewe. Ukiuliza swali, darasa zima linakagua kucha. Mwalimu wa Kiingereza Rujewa huzoea kuzungumza peke yake, kama mlinzi wa usiku.

Basi siku moja fundi yule akanikuta kwenye mashine ya kukoboa mpunga, akaniomba nimfundishe. Akaleta mwenzake. Mwenye mashine akatupa kibanda cha nyuma, bure, kwa masharti kwamba tusilalamikie kelele wala pumba. Ndiyo maana wanafunzi wangu wa kimataifa wote huongea Kiingereza kwa kupiga kelele. Walijifunza wakishindana na mashine.

Wageni si jambo jipya hapa. Rujewa ni makao makuu ya wilaya ya Mbarali tangu wilaya ilipomegwa kutoka Mbeya Vijijini mwaka 2000, lakini ofisi hazijawahi kumvuta mtu kutoka mbali. Mpunga ndio unaovuta. Wabaluchi wamekaa hapa vizazi kadhaa na hakuna anayekumbuka kuwaita wageni. Wachina walishafika miaka ya 1970, waliposaidia kujenga shamba kubwa la mpunga la serikali, wakati ule ule reli ya TAZARA ilipokuwa ikitandikwa. Hata mpunga wenyewe umechanganya damu: kuna mbegu inaitwa Zambia, na mkulima akikwambia Zambia yake imekauka, usimpe pole ya msiba wa kitaifa.

Wa pili darasani, yule mwenzake aliyeletwa na fundi, alikuwa dereva wa lori kutoka Lubumbashi. Lori lake lilivunjika difu karibu na Igawa, na kipuri kilichoagizwa kikawa "kiko njiani" kwa wiki tano. Alitaka Kiingereza cha kuzungumza na trafiki kuanzia Nakonde mpaka Kasumbalesa. Wa tatu ni mama mfanyabiashara kutoka Bujumbura, anayekuja msimu wa mavuno na kukaa hadi magunia yake yatimie. Nchi yake ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi mwaka 2014, na yeye hakutaka watoto wake wamsengenye mezani kwa lugha asiyoijua. Aliwahi kuja pia Mzambia mmoja, jioni moja tu. Akaongea Kiingereza kama maji ya mfereji, na baada ya robo saa wenzake wakaniangalia, wakamwangalia, wakaniangalia tena. Sikumhimiza arudi.

Somo la kwanza nililitangaza kwa karatasi mlangoni: English Class, 11:00. Kichwani mwangu ilikuwa saa kumi na moja jioni, saa ya binadamu yeyote aliyelelewa na Kiswahili. Fundi alifika saa tano kamili asubuhi, mimi niko kidato cha pili nakagua kucha nao. Akakaa kwenye pumba hadi saa saba, akaandika daftarini (alinionyesha baadaye) kwamba mwalimu hakutokea. Mama wa Bujumbura alifika jioni, sawasawa na mimi, maana na kwao saa huhesabiwa kama zetu. Dereva ndiye aliyetumia akili. Alijiambia: saa tano asubuhi mwalimu yuko shuleni, kwa hiyo kumi na moja hii lazima iwe ya usiku. Saa tano za usiku akabisha hodi nyumbani kwangu, ameshika daftari na kalamu. Aliyefungua ni mama watoto, na panga mkononi.

Wakapatana, lakini ilichukua muda.

Jambo lililonishinda kabisa ni neno "pole". Mwalimu Nyerere alimfasiri Shakespeare kwa Kiswahili, *Julius Caesar* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969, damu na deni na majambia yote yakaingia vizuri. Mimi nilikwama kwenye neno ambalo Rujewa hulisema hata kabla ya kunawa uso. Pole na kazi, pole na safari, pole na jua, pole na foleni ya maji. Fundi alikuwa ameshalizoea kwa Kiswahili, akataka la Kiingereza. Nikampa nilichonacho, ambacho kila Mtanzania hutoa: sorry.

Akalipokea kwa mikono miwili. Kesho yake akampita mbeba mizigo aliyetwishwa gunia la kilo mia, akamwinamia: "Sorry!" Yule kijana, ambaye ana Kiingereza cha kidato cha nne, akatua gunia na kumuuliza amemkosea nini. Hilo lilikwisha kwa soda. Lakini Ijumaa yake mkubwa wake wa Dar es Salaam akampigia simu kuuliza habari za mashine mpya, akataja kwamba yeye mwenyewe amechoka, kazi zimekuwa nyingi. Fundi wangu, kwa upole wa Rujewa na maneno ya Kiingereza, akamwambia sorry. Sorry sana. Sorry kwa kazi, sorry kwa joto la Dar, sorry na familia. Jumapili mkubwa akashuka stendi na begi la vifaa, hajalala, aje aone mashine imeungua kiasi gani. Ilikuwa inakoboa vizuri tu. Walimpa wali na samaki, naye akaambiwa pole na safari.

Kwa dereva, shida ilitoka Ufaransa. Kifaransa wanasema *demander* kwa kuomba tu, hata kuomba chumvi. Alipomwandikia tajiri wake barua pepe kuomba hela ya chakula, akaandika kwamba ana-demand. Alinipa niikague. Nikarekebisha nukta na herufi kubwa, nikamwekea alama tano kati ya kumi. Tajiri akajibu kwa mstari mmoja ambao sikumfundisha, ila aliuelewa bila msaada wangu. Nilimkopesha elfu ishirini. Ndiyo ada pekee katika darasa lile iliyotoka kwa mwalimu kwenda kwa mwanafunzi.

Turudi kwenye chawa. Baada ya picha ile ya mdudu nilijitetea kwa fundi. Nikamwambia haya ni mambo ya lugha mama, hata ninyi Wachina, nasikia, mna taabu na r. Alinitazama kwa huruma. Akaeleza kwamba Kichina chao cha shule kinazitenga herufi hizo vizuri kabisa: neno la joto huanza na r, neno la furaha huanza na l, mengine yote yanakaribiana, na mtoto anayezichanganya anachekwa. Kwa hiyo mtu pekee mle kibandani aliyekuwa na haki ya kunisahihisha r yangu alikuwa yule ambaye kila mtu Rujewa angedhani ndiye mgonjwa.

Mama wa Bujumbura yeye ni kinyume changu. Kirundi kimeipa r kazi zote, l haina pa kukaa. Kwake mji mkuu wa Uingereza ni Rondon, na ziwa la kwao ni Rake Tanganyika. Mimi mvua yangu, nisipojiangalia, huwa *lain*. Tukikaa benchi moja, alfabeti inatimia.

Nilitafuta faraja mahali pengine. Nikakumbuka kwamba Ruaha, mto unaobeba maji ya bonde letu la Usangu, jina lake linatokana na neno la Kihehe *luvaha*, maana yake mto. Limeanza na l. Na Rujewa yenyewe wazee wanaitamka Lujewa, wala hawaombi radhi. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuchanganya herufi hizi katika bonde hili hakuwa mimi. Alikuwa na kalamu na ramani, na hakuna aliyemtumia picha ya mdudu.

Hoja hiyo nilimpelekea jirani yangu, nikitaraji itapunguza hasira. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hesabu: rangi imeisha, mchora mabango amehamia Chimala na hapokei simu, na tangu Jumamosi watu wanasimama kupiga picha bango lake, wengine wananunua hata kilo tano kwa aibu. Aliniuliza kama *lice* haiwezi kuwa ni aina nyingine ya mchele. Mpunga una majina mengi, alisema. Kama kuna Zambia, kuna Saro, kwa nini isiwepo hii?

Fundi ndiye aliyeamua. Alikuja na kopo la rangi nyekundu lililobaki kwenye kupaka fremu ya mashine, akapanda ngazi, akaitengeneza herufi: akaongeza kichwa cha mviringo juu, akashusha mguu wa mshazari. L ikawa R. Isipokuwa ule mstari wa chini wa L ulibaki, maana rangi nyeupe ya kuufutia haikuwepo, wala haijapatikana hadi leo. Sasa juu ya duka kuna herufi yenye kichwa cha R na kikalio cha L, ambayo haimo katika kitabu chochote nilichowahi kufundishia.

Jioni moja niliwapeleka wanafunzi wangu pale kwa zoezi la kusoma. Dereva alikuwamo, amepita tena na mzigo wa shaba kuelekea bandarini. Mama wa Bujumbura akaisoma kwa r iliyonyooka, akatabasamu kama mtu aliyekuta sahani yake mezani. Dereva akaisoma kwa Kifaransa, *riz*, akasema mambo yote mengine ni mapambo. Fundi akaisoma sahihi, polepole, akinitazama mdomo. Jirani yangu, kutoka ndani ya duka, akapaza sauti bila kuulizwa: "Laisi! Kama Lujewa!"

Kisha wote wakanigeukia. "Ticha, na wewe soma."

Nikatazama saa yangu. Nikawaambia muda wa darasa umefika, twendeni, na sikutaja ni saa ngapi.