Nunda Chini ya Viatu: Mwongozo kwa Wenye Magari wa Msalato

Ndugu yangu mwenye IST ya rangi ya fedha, karibu. Najua kinachokusumbua. Tangu serikali ihamie Dodoma, barabara ya Arusha inapopita hapa Msalato imejaa IST za rangi ya fedha, na mashangingi yenye namba za STK yanazipulizia zote vumbi bila ubaguzi. Rimu za kung'aa kila mtu anazo. Namba ya gari yenye jina lako TRA wanatoa, lakini inataka mamilioni ya shilingi, na hizo unazo umeshazifukia kwenye msingi wa nyumba huko karibu na uwanja mpya wa ndege. Kimebaki kitu kimoja ambacho majirani hawajakigusa: sakafu. Tukuwekee kapeti zenye jina lako na dude la hadithi za kale. Nifuate, na ukiulizwa nani kakufundisha, hunijui.

Hatua ya kwanza: chagua mnyama asiye na picha

Simba usiguse. Nusu ya abiria wako ni Yanga, na hawatafuta viatu kabla ya kumkanyaga. Watafuta viatu kwake.

Tembo naye mwache, japo ni wa kwetu. Wazee wanasimulia kwamba jina la Dodoma lilitokana na tembo aliyedidimia kwenye tope. Sasa ngoja mvua ya Januari ikukamate kwenye njia ya mtaani, tairi zizunguke bila kusogea, halafu abiria aangalie chini. Utasikia maneno.

Popobawa ana mabawa na jicho moja, anapendeza sana kwenye kapeti. Lakini mwaka 1995 watu wa Pemba na Unguja walilala nje ya nyumba zao wakiota moto pamoja, kwa hofu yake, na wengi wao wako hai na wana kumbukumbu nzuri. Isitoshe, hayo anayosemwa kuwatendea watu usiku hayaelezeki ndani ya gari lenye mama mkwe.

Chukua nunda. Huyu ndiye mla watu wa hadithi za pwani, wengine humwita mngwa. Mwingereza William Hichens, aliyekuwa hakimu Lindi enzi za ukoloni katika miaka ya 1920, alimwandika kuwa ni paka mwenye ukubwa wa punda, manyoya ya kijivu yenye michirizi. Aliandika, lakini hakumkamata, na mpaka leo hakuna aliyemkamata. Umeona ulaji hapo? Mnyama ambaye hakuna aliyemwona hawezi kuchorwa vibaya. Fundi akikosea masikio, ni nani atakayesimama na kusema masikio ya nunda hayako hivyo?

Hatua ya pili: jua hadithi kiasi cha kumzuia mtu asiulize zaidi

Huna haja ya kuisoma yote. Askofu Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine alizosimuliwa Zanzibar, na mambo mawili tu yanakutosha.

La kwanza: nunda hakuanza kuwa nunda. Alikuwa paka wa nyumbani kwa Sultani Majnuni. Akala mfugo, watu wakalalamika, sultani akajibu kwamba paka ni wake na mfugo ni wake. Akapanda ngazi, akala mifugo mikubwa zaidi, jibu likawa lile lile. Akala watu. Ni pale alipokula watoto wa sultani mwenyewe ndipo mheshimiwa alipotambua kuwa kuna tatizo. (Ukiisimulia hii Dodoma, isimulie taratibu na uangalie nani amekaa siti ya nyuma. Sisi tunazungumzia kapeti.)

La pili: mtoto mdogo wa sultani akatoka kumsaka. Akarudi na mbwa, mama yake akamwambia siye. Akarudi na punda milia, siye. Twiga, siye. Kifaru, siye. Kila safari kijana anaburuta mzoga nyumbani kwa fahari na kila safari mama anamvunja moyo, mpaka siku alipompata mwenyewe. Lishike hili, tutalihitaji mambo yakiharibika, na yataharibika.

Hatua ya tatu: lipia kipande kimoja

Muuzaji wa Kariakoo atakutajia seti nzima: mbele mbili, nyuma mbili au tatu, za ngozi yenye kushonwa miraba, darizi ya jina juu yake. Atakwambia zimetoka Dubai. Mwitikie kwa heshima, piga picha, kisha ondoka.

Fikiri kidogo. Gari zetu usukani uko kulia. Anayefungua mlango wa mbele kushoto ndiye mgeni unayemtaka: mkwe, bosi, dalali wa viwanja, mchumba. Basi nunda mmoja wa mbele kushoto anatosha. Nyuma weka boksi lililofunuliwa, ukiulizwa sema zile nyingine ziko kwa fundi. Kapeti zinaweza kukaa kwa fundi miaka mitatu bila mtu kushangaa. Nchi hii makochi hukaa zaidi.

Na hata huyo mmoja usimdarizi. Nunua kapeti nyeusi ya mpira, chora paka kwenye kadibodi la viatu, mkate kwa wembe, mlaze juu ya mpira, pulizia rangi ya kopo. Ongeza meno. Meno yakizidi ni nunda, yakipungua ni paka, kwa hiyo usibane matumizi hapo. Jina lako liandike kwa herufi kubwa chini ya makucha, na mbele yake usiweke cheo. Mtu akiona jina tupu chini ya mnyama anayeua, cheo atakijaza mwenyewe.

Hatua ya nne: mlinde asikanyagwe

Vumbi la Dodoma unalijua. Mvua ikikatika Aprili, nchi inabaki kavu mpaka Desemba, na hilo vumbi halibishi hodi. Kwa hiyo juu ya nunda tandika nailoni, ile ile ambayo bado hujaitoa kwenye siti tangu gari lilipotoka bandarini. Juu ya nailoni tandika gazeti. Hapo utakuwa umetumia fedha, jasho na Jumapili nzima kumiliki mnyama ambaye haonekani, na ndivyo alivyo nunda halisi.

Hatua ya tano: mpeleke mnadani

Jumamosi ni siku ya mnada wa Msalato. Mji mzima unapanda huku, kilomita kama 12 kutoka katikati, kuja kula mbuzi. Fika mapema, paki pale moshi wa nyama unapopitia, toa gazeti, toa nailoni, acha mlango wa kushoto wazi kana kwamba unapunga upepo. Usimwonyeshe mtu. Anayeonyesha anaomba sifa. Anayeacha mlango wazi ana joto tu.

Atakuja mmoja, mguu mmoja nje. "Mzee, huyu ni chui?"

Cheka kidogo, usijibu haraka. "Angekuwa chui, ungeshamkimbia."

Halafu nyamaza. Nakusihi, nyamaza. Wengi wanaharibu hapa kwa kueleza. Na utakapomaliza mbuzi, kunawa ni lazima kabla ya kuingia garini, kwa sababu mafuta ya mbuzi na rangi ya kopo haviivani. Michirizi ya nunda itahamia kwenye soksi za shemeji yako.

Hatua ya sita: upande wa dereva

Hapa naweka utani pembeni kwa dakika moja.

Agosti 2009 huko San Diego, Marekani, gari aina ya Lexus lililokuwa na kapeti ya gari la aina nyingine liligoma kupunguza mwendo. Kapeti ilikuwa imekibana kikanyagio cha mafuta. Watu wanne walikufa. Mwezi uliofuata Toyota iliwaambia wenye magari takriban milioni 3.8 nchini humo wazitoe kapeti za upande wa dereva mpaka hapo tatizo litakapotatuliwa. Kampuni hiyo, yenye wahandisi wengi kuliko wakazi wa kata yako, ilitikiswa na kipande cha zulia.

Basi nunda asivuke kuja kulia. Upande wako baki na ile kapeti orijino iliyokatwa kwa gari hilo hilo, ikiwa imenaswa kwenye kulabu zake sakafuni. Usiweke kapeti juu ya kapeti, hata kama ya juu ina jina lako. Kama kulabu zilivunjika kabla gari halijafika kwako, endesha juu ya sakafu tupu. Hakuna atakayeona, maana miguu yako ndiyo imeziba.

Tumemaliza dakika yetu.

Hatua ya saba: shindwa kwa heshima

Rangi ya kopo haikai juu ya mpira unaokunjwa. Itaanza kubanduka, na itaanza na meno. Makucha yatafuata. Kisha michirizi. Siku moja utafungua mlango na kumkuta paka mpole anakutazama, juu ya jina lako ambalo limebaki herufi mbili.

Usimfiche. Sema kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Huyu ni nunda wa mwanzo wa hadithi, kabla hajala mtu." Wakimwona kama mbwa, wakumbushe kwamba hata mtoto wa sultani alianzia kwa mbwa. Wakisema anafanana na punda milia, wape hongera, wamesogea mbele kwenye hadithi. Hadithi ya Steere ina wanyama wa kukutosha kwa kila hatua ya kubanduka, na kwa hesabu yangu hutahitaji kumpaka rangi tena kabla hujaliuza gari.

Kuhusu kuuza, nisikudanganye. Nunda hatakuongezea bei hata shilingi mia. Dalali ataiwasha injini, atajaribu gia, atazunguka bodi akigongagonga kwa vidole, kisha ataikunja kapeti yako bila kuitazama, na kuitupa nje. Anatafuta kutu chini yake.