Gamba Liko kwa Wakala

Hapo zamani za kale, mwaka 2024, Kobe mmoja wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, alikuwa akilala Sharjah na kufanya kazi Deira, Dubai. Kwa maili hiyo si safari. Kwa foleni ni safari ya kubeba chakula, maana kodi ya nyumba Sharjah ni nafuu na nusu ya wanyama wa Dubai wameshaligundua hilo. Alikuwa karani wa ghala la viungo, akiandika magunia ya karafuu za Pemba na iliki ya Kihindi. Ugeni haukumtisha. Wazee wake wenyewe waliletwa Changuu kutoka Shelisheli mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Kiingereza, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kwenda.

Gamba lake la kuzaliwa alikuwa ameliacha kwa mama yake. Dubai nani atembee na gamba la kwao? Alichukua jipya kwa mkopo wa benki: la Kijerumani, jeupe la lulu, waranti ya miaka mitatu, na ndani ya bampa la nyuma mmefichwa vidude vinavyolia ukikaribia ukuta. Kila Ijumaa baada ya sala alilifuta kwa kitambaa laini, akarudia, akalizunguka kulitazama.

Mwezi Mei, kwenye barabara ya Al Ittihad, foleni imesimama kabisa, Ngiri akaja kwa nyuma kichwa kimeinamia simu. Meno yake yakazama. Vidude vililia, lakini baada ya mshindo. Twiga wa usalama barabarani akafika, akalitazama jambo kutoka juu, akatoa karatasi mbili: nyekundu kwa Ngiri, ya mkosaji, na ya kijani kwa Kobe, ya aliyekosewa. Nchi ile, bila karatasi ya polisi hakuna gereji inayothubutu kugusa hata mkwaruzo.

Kobe akaondoka pale amefarijika, na ukitazama alikuwa na sababu. Kosa si lake. Bima ya Ngiri italipa. Gamba bado changa, kwa hiyo litatengenezwa kwa wakala aliyeliuza, kwa spea halisi na rangi halisi. Ni wapi tena utagongwa na kurudi nyumbani na haki yako mfukoni, imepigwa muhuri?

Kwa wakala palikuwa ukumbi wa vioo, baridi ya kukausha kamasi, gahawa kwenye vikombe vidogo na tende zilizopangwa kwa ukubwa. Mezani alikaa Kasuku, tai imemkaba vizuri.

"Karibu sana, mheshimiwa mteja wetu mpendwa. Itachukua wiki mbili."

Sasa, wiki mbili hazimtishi Kobe. Kuna wa ukoo wake wanaotumia muda huo kuamua watokee upande gani wa mti. Alitikisa kichwa akasema, "Hakuna neno, mwanangu." Wafanyakazi wakatazamana. Mteja wa namna hii walikuwa wakimwomba kwa Mungu tangu kampuni ifunguliwe.

Wakamvua gamba, wakampa la kuazima. La siku kumi, ndivyo bima ilivyoandika. Siku kumi za gamba la kuazima kwa kazi ya wiki mbili: hesabu hiyo Kobe aliiona pale pale, kwani ni karani, lakini akaona haya kuuliza kwa jambo dogo.

Siku ya kumi na moja wakalichukua. Kobe akabaki na ngozi yake na kanzu.

Msomaji ambaye hajawahi kuwa bila gamba ughaibuni huenda akadhani ni suala la usafiri. Ni usafiri, ndiyo, teksi ya kwenda na teksi ya kurudi, na mshahara wa karani unajulikana. Lakini huku benki inaendelea kukata fedha za mkopo kila mwezi kwa gamba ambalo huna. Huku Juni imeingia. Kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba sheria ya huko inakataza kazi za juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa mchana, sheria nzuri kabisa, ila inamhusu kibarua aliyeko kazini. Aliyevuliwa gamba na kuachwa kituoni anasubiri basi haikumtaja.

Akapiga simu. Muziki ukapigwa, sauti ikamwambia simu yake ni muhimu sana, muziki ukarudi. Hatimaye Kasuku.

"Linafuatiliwa, mheshimiwa."

"Limefika wapi, mwanangu?"

"Linafuatiliwa."

Kufuatiliwa na nani, na yeye anayelifuatilia yuko umbali gani nyuma yake? Hilo Kasuku hakuwekewa kinywani.

Miezi ikapita, Kobe akaamua kwenda mwenyewe. Hakuingilia ukumbi wa vioo. Alizunguka nyuma, ambako hakuna tende, akapita chini ya lango, jambo ambalo angekuwa na gamba asingeliweza. Kumbe ipo faida moja. Ua ulikuwa umejaa magamba mpaka kwenye uzio. Mengi yalikuwa ya mvua ya tarehe 16 Aprili, ile iliyozidi mvua zote tangu vipimo vianze kuwekwa mwaka 1949, ilipogeuza barabara za Dubai kuwa mito na magari kuwa mitumbwi isiyojua kuelea. Yalikuwa yamepangwa safu kwa safu, matope yamekauka kwenye viti. La Kobe alilikuta pembeni limefunikwa turubai. Bampa limefunguliwa, nyaya zinaning'inia, na juu ya turubai vumbi la jangwani limeshajenga.

Alikuwepo Kigong'ota, fundi wa bodi, anapasha moto chai kwenye kopo la puti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hili langu lina nini?"

"Halina kitu. Kazi yako ni ya siku tatu. Kunyoosha siku moja. Puti, msasa na praima siku moja. Rangi na kuoka siku moja, na asubuhi tunaseti vile vidude vya nyuma kwa kompyuta. Siku zilizobaki zote ni karatasi."

Akamweleza, na nitaeleza nami kwa kifupi ingawa Kigong'ota hakufupisha. Makadirio ya kwanza yalifanywa gamba likiwa halijafunguliwa, kwa macho. Walipofungua bampa wakakuta mwamba wa chuma ulioko ndani nao umepinda. Mwamba haukuwa kwenye makadirio, kwa hiyo haukuwa na kibali, kwa hiyo hauguswi. Ikabidi bima imtume mkadiriaji upya. Mkadiriaji ni Bundi, na Bundi haoni mchana. Akaja usiku, akakuta pamefungwa, akaandika kwenye faili: gereji haikutoa ushirikiano. Gereji ikapeleka picha. Picha zikakataliwa kwa kuwa zimepigwa mchana, Bundi haoni kitu. Zikapigwa tena usiku. Safari hii akaona vizuri, akapunguza bei ya mwamba kwa theluthi, wakala akakataa, faili likarudi lilikotoka.

Kibali kilipopatikana Julai ndipo Kaa wa stoo alipoagiza bampa, kwani bila kibali Kaa haagizi hata skrubu. Kaa ni mchapakazi, ila mwendo wake mnaujua. Aliagiza bampa la gamba la mwaka uliotangulia, linalofanana kwa kila kitu isipokuwa matundu ya vile vidude. La pili likatoka Ujerumani kwa meli. Na meli, tangu mwishoni mwa 2023, zilikuwa zikiikwepa Bahari ya Shamu kwa ajili ya makombora ya Wahouthi, zikizunguka Afrika nzima kwa Rasi ya Tumaini Jema. Kwa hiyo bampa la Kobe liliteremka pwani ya magharibi ya bara, likapinda kule chini, likapanda upande wa mashariki na kupita mbele ya bahari ya kwao, mama yake amekaa Changuu akila mchicha wa watalii, ndipo likaendelea kwenda bandari ya Jebel Ali kumtafuta mwenyewe.

"Nani basi anayechelewesha?" Kobe akauliza.

Kigong'ota akafikiri. "Hapa hakuna, mzee. Kasuku anasema tunasubiri spea, na ni kweli. Kaa anasema alisubiri kibali, ni kweli. Bundi anasema alisubiri picha, ni kweli. Hakuna anayekudanganya."

"Na mimi?"

"Wewe si mteja wa mtu. Anayetulipa ni bima, kwa hiyo mteja wetu ni bima. Anayeilipa bima ni Ngiri, kwa hiyo mteja wa bima ni Ngiri. Wewe ndiye mwenye gamba tu."

Kobe alilichukulia hilo kuwa maneno ya fundi mwenye uchungu, mpaka jioni ile ile, akiwa kituoni, Ngiri aliposimamisha mbele yake, ngozi imeng'arishwa, meno mapya.

"Mzee! Mpaka leo? Mimi walinimaliza wiki ile ile." Akamwonea huruma ya dhati, akampa lifti hadi daraja la kwanza, njia nzima anaongea na simu.

Kulikuwa na njia nyingine, na haki itendeke nayo itajwe. Katika maeneo ya viwanda ya Sharjah, kule zinakouzwa spea za mtumba ambazo nyingine zinaishia Dar es Salaam na Mombasa, Sungura mmoja kutoka Likoni ana gereji ya mlango mmoja.

"Shikamoo, ami. Niletee Jumatatu, njoo Alhamisi," alisema. "Bampa nnalo. Lilitoka kwenye gamba lililogongwa mbele. Nyuma halina hata alama."

Sungura si malaika. Puti yake ni nene kama chapati, na rangi yake hupendeza mpaka mvua ya kwanza. Lakini ukimuuliza gamba liko wapi, anageuka na kulionyesha kwa kidole, na hilo peke yake lilimtoa Kobe machozi. Haikuwezekana. Gamba lilikuwa limeshavuliwa vipande kwa wakala; kulitoa ni kusaini kwamba umekataa huduma; kumpa Sungura ni kuagana na waranti. Na benki ndiyo inayolishikilia gamba mpaka deni liishe, haitaki kusikia habari za Likoni. Sungura akampa chai ya tangawizi na kiti. Siku hizi Kobe akiulizwa nani alimsaidia, anamtaja Sungura, ambaye hakugusa chochote.

Oktoba bampa likafika, na zamu ikawa ya Kinyonga, mpaka rangi. Hapa ndipo watu wasiojua kazi hucheka, wakidhani Kinyonga na rangi ni kama... basi, hawajui tu. Nyeupe ya lulu hupigwa tabaka tatu: ya chini, ya lulu, na ya kung'aza juu, ukizidisha mkono kwenye ile ya kati, umeshapata rangi ya jirani. Tena namba ya rangi kwenye kitabu ni ya gamba lililotoka kiwandani, siyo ya lililokaa juani Dubai. Fundi mzuri huivutavuta rangi mpya kidogo kwenye ubavu ili jicho lisione mpaka. Kinyonga alilijua hilo kuliko yeyote. Aliomba kibali cha kupaka ubavu. Bundi akajibu kwamba ubavu haukugongwa.

Novemba, Kasuku akapiga simu mwenyewe, kwa mara ya kwanza.

Gamba lilikuwa limeoshwa, limefungwa utepe mwekundu. Nyuma jeupe la barafu, ubavuni jeupe la maziwa. Mpaka kati yao ungeweza kuufuata kwa rula.

"Ni jua, mheshimiwa," alisema Kasuku. "Miezi michache tu litajilinganisha."

Kobe akaingia ndani. Lilinuka rangi na ubaridi. Akarudi kinyumenyume kuelekea ukuta, vidude vikalia kwa wakati. Akasaini alipoonyeshwa, na alipoonyeshwa tena.

Kasuku akamsindikiza mpaka mlangoni, akatazama huku na huku, akashusha sauti. Tai ilikuwa imelegea. Kwa karibu alionekana mdogo tu, kinda la juzi, na yeye pia ana mama mahali.

"Mzee wangu, leo utaletewa ujumbe kwenye simu. Swali moja, kuanzia sifuri hadi kumi. Naomba bonyeza kumi. Ukibonyeza nane, makao makuu wanahesabu kwamba umetutukana, na bonasi yangu inakwenda. Hivi nimeshakosa miezi mitatu."

"Wanataka lini jibu?"

"Kabla ya saa kumi na moja jioni. Ikipita hapo mfumo unajifunga, haungoji mtu."

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu," akasema Kobe, akiweka gia. "Kumi yako nimeshaiagiza."

"Ahsante, mzee. Itaingia saa ngapi?"

"Inatoka Ujerumani. Meli imeshapita Rasi."

Kasuku akarudi mezani, akafungua faili, akaandika: linafuatiliwa.