Sifa za Kofia Isiyokwisha

Watu husifu kilichokwisha. Nyumba ikiezekwa husomewa dua, jahazi likishushwa majini hupigiwa ngoma, mtoto akihitimu Kurani huvishwa koja la asumini. Kofia ya viua iliyokwama nusu, inayolala mkobani na sindano yake iliyoanza kushika kutu, haijapata hata mmoja wa kuiambia ahsante. Leo nimejitolea.

Nianze na nasaba, maana hii si kofia ya kuokotwa. Ni ya ukoo wa baraghashia, ambazo watu huzinasibisha na Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888. Bwana yule alikuwa hodari wa kumaliza mambo. Jumba la Beit al-Ajaib alilijenga mwaka 1883 likasimama, maji ya bomba akayaleta mjini yakafika. Lakini hatujasikia popote kwamba alikaa kitako akashona kofia. Mwenye akili huchagua kazi nyepesi. Ndugu zake kofia hii wako Pemba, Lamu na Ngazija, na wengine walivuka bahari hadi Oman vichwani mwa watu waliohama baada ya Mapinduzi ya 1964. Huko pia, naambiwa, wako wanawake wenye mikoba isiyofunguka mbele ya wageni.

Sasa tabia yake. Kiua ni tundu tu, tena dogo. Kitambaa unakipiga bandi tabaka mbili, unakichora kwa penseli, kisha unatoboa kwa sindano nene ukizisogeza nyuzi kando bila kuzikata. Hapo unazungusha uzi ukingoni, mshono ubavuni mwa mshono, mpaka tundu lipate mdomo mgumu. Ukivuta mno, kitambaa kinajikunja. Ukilegeza, kiua kinafumuka siku ya kwanza kofia inapofuliwa na kuvishwa kwenye furuma. Usipovuta wala kulegeza, hongera, umefuzu. Kimebaki cha jirani yake, na cha jirani ya jirani, kuzunguka kichwa kizima.

Tena uzi ni mweupe na kitambaa ni cheupe. Kabla ya kofia hii nilidhani weupe ni mmoja. Imenielimisha. Upo weupe wa uzi wa kwanza, na upo weupe wa uzi ulionunuliwa sokoni Darajani baada ya ule wa kwanza kuadimika madukani. Kwa taa ya ndani hutaona tofauti. Jua la saa nane linazitenganisha nyuzi hizo papo hapo, na wapita njia wana macho.

Lakini utukufu wake wote uko kwenye mzunguko. Ukanda wa pembeni una maua yanayofuatana, na la mwisho linatakiwa likutane na la kwanza kana kwamba hapakuwa na mwanzo wala mwisho. La mwisho kwenye kofia yangu lilipofika lilikuta imebaki nafasi ya nusu ua. Nikaipeleka kwa bibi mmoja mtaani kwetu, fundi aliyezishona hizi tangu ujana wake. Akaigeuzageuza, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa tena. Akasema, “Fumua, mwanangu.” Kisha akarudi kwenye kahawa yake.

Wengi hulia wakiambiwa hivyo. Mimi nasema kufumua kumeonewa. Huchori, huhesabu, hutungi uzi, na maendeleo unayaona saa hiyo hiyo. Ni sehemu pekee ya kazi hii ambayo kila siku humalizika mapema kuliko ulivyotarajia.

Na faida nyumbani, je? Nikitafutwa kwenda kusugua masufuria ya shughuli, nina kofia mkononi. Akija barazani mgeni asiyekwisha maneno, macho yangu yako kwenye kiua na hakuna anayesema sina adabu. Shika simu uitwe mvivu. Shika kofia, hata kama hujapiga mshono tangu Adhuhuri, unaitwa mtulivu. Waliomaliza za kwao nani anawakumbuka? Kofia zao zimevaliwa, zimeloa jasho, nyingine zimebadilishana wenyewe harusini bila kuaga. Na hizo za mashine zinazotoka ng’ambo, unanunua asubuhi unavaa mchana, basi. Yangu haijagusa kichwa cha mtu, na mtaa mzima unaijulia hali kama mgonjwa.

Ina uungwana pia. Niliianza kwa ajili ya mpwa wangu, aende nayo maulidini. Kichwa chake kimekua tangu hapo, nayo haikukimbizana nacho. Sasa tunamtazamia mdogo wake, ambaye bado anatambaa, kwa hiyo nafasi ipo.

Najua yupo atakayenikumbusha kwamba subira yavuta heri. Inavuta, sikatai, ila hakuna aliyesema kamba ina urefu gani. Na tusidanganyane: ningeweza kuigawa, au kuisahau kabatini chini ya mashuka. Kofia iliyosahaulika haina sifa yoyote, hiyo ni tambara tu la baadaye. Sifa zote hizi ni za ile inayotolewa tena Jumamosi, ikatazamwa kwa hasira, na kushonwa.

Upande mmoja nimeshaufumua, na mchoro mpya uko tayari, safari hii umepimwa kwa utepe kabla ya penseli. Kilichokosekana ni uzi. Mwenye ule mweupe wa zamani asiutupe. Anipitishie barazani kabla ya Alasiri, maana baada ya Magharibi tundu la sindano silioni.