Wati Elfu Mbili kwa Mpiga Solo Mmoja

Mpiga solo wa bendi moja ya harusi jijini Dar es Salaam alinunua modela ya gitaa akidhani amemaliza kununua. Kifaa chenyewe hubebeka kwapani, kina vibonyezo vya kukanyaga kwa mguu, na ndani yake zimo amplifaya za kuigiza za kila namna: za Uingereza, za Marekani, hata Roland JC-120 ya Japani, ile ya mwaka 1975 inayosifika kwa sauti safi. Amplifaya yake ya zamani, ambayo kuipandisha kwenye bajaji kulihitaji watu wawili na dereva mwenye moyo wa huruma, akaiuza siku hiyohiyo. Jioni akachomeka gitaa, akafungua sauti, akapiga. Kimya. Modela huiga kila kitu, lakini spika haina.

Mashine hizi si ngeni duniani. Kampuni ya Line 6 ya California ilitoa POD mwaka 1998, kidude chekundu chenye umbo la haragwe. Fractal Audio wakaja na Axe-Fx mwaka 2006, Kemper wa Ujerumani wakafuata mwaka 2011, na Helix ya Line 6 ikatoka mwaka 2015. Wengi walizitumia kwanza studio, ambako spika nzuri zipo tayari na mwenye kuzilipia ni mtu mwingine. Shida ilianza zilipopanda jukwaani.

Nyumbani kwa mpiga solo kulikuwa na sabufa, lile la sebuleni lenye taa za rangi na rimoti iliyofungwa nailoni. Akaunganisha. Sabufa halijui kumwacha mtu alivyo. Limeundwa kuongeza besi hata kwa msomaji wa taarifa ya habari. Gitaa la solo likaanza kuunguruma, na mpangaji wa chumba cha pili akabisha hodi kuuliza kama kuna mtu anahama, maana amesikia kabati likiburutwa.

Akaenda mazoezini, akachomeka modela kwenye amplifaya ya gitaa ya mwenzake. Mpiga besi akasikiliza kidogo, akauliza, "Kaka, hilo gitaa lina mafua?"

Hapa inafaa kusimama kidogo. Spika ya inchi 12 iliyomo ndani ya amplifaya ya gitaa ina upungufu wa makusudi. Vintage 30 ya Celestion, mojawapo ya spika zinazojulikana sana kwa wapiga gitaa, hupiga kuanzia hezi 70 hadi 5,000 hivi, kisha hunyamaza. Sikio zima la kijana husikia hadi 20,000. Makali yote ya juu ya 5,000, pamoja na mikwaruzo ya kielektroniki inayozaliwa sauti inapokorogwa, huishia humohumo kwenye karatasi ya spika, na hasara hiyo ndiyo tuliyoizoea na kuiita sauti ya gitaa la umeme. Wenye kutengeneza modela wanalijua hilo, kwa hiyo mwishoni huweka boksi la spika la kuigiza, na mbele yake maikrofoni ya kuigiza. Sauti hiyo ukiipitisha tena kwenye amplifaya ya gitaa, unakata kilichokwisha kukatwa.

Mwenzake akamwelekeza: zima boksi la kuigiza. Akazima, gitaa likapona, mazoezi yakaenda vizuri. Jumapili akachukua modela ileile kanisani, akachomeka kwenye miksa ya kwaya, na boksi akasahau kuliwasha. Spika za kanisa hazina upungufu wa kuficha aibu; zina twita, spika ndogo ya sauti za juu, na twita husema yote. Wimbo wa sadaka ulipoanza, zilitoka sauti za nyuki waliofungiwa kwenye debe. Mchungaji alimtazama kwa upole ambao ni mbaya kuliko karipio. Waumini walitoa sadaka haraka, na mhasibu hakulalamika.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kutafuta spika ya masafa kamili, zile ambazo maboksi yake huandikwa herufi FRFR, zinazodai kutoa sauti zote za chini na za juu bila kuongeza wala kupunguza. Kudai ni neno la haki hapa. Hakuna spika isiyoongeza chochote. Yamaha NS-10 iliingia sokoni mwaka 1978 kama spika ya kusikilizia muziki nyumbani, wanunuzi wa nyumbani wakaikwepa, lakini mafundi wa studio wakaipenda mpaka ikawa kipimo cha kazi zao. Na ukweli huohuo waliousifia ulikuwa mkali kiasi kwamba baadhi yao waliifunika twita kwa karatasi laini za chooni. Mtu akikwambia spika yake haina rangi yoyote, mwulize kama na yeye ana karatasi mahali.

Kariakoo, muuzaji wa spika alimkaribisha kwa kiti na soda.

"Hii ni wati elfu mbili, kaka. Ukiwasha hapa, Buguruni wanacheza."

"Elfu mbili za kilele au za kudumu?"

"Zote, bosi wangu."

Kwenye spika za namna hii, namba kubwa ya boksini mara nyingi ni ya kilele, yaani mlipuko wa kufumba na kufumbua. Nguvu ya kudumu huwa nusu yake au pungufu zaidi. Hata zingekuwa elfu mbili za kweli, hesabu ya sikio haina huruma na muuzaji: kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, na ili mtu aone sauti imekuwa maradufu zinahitajika kama desibeli 10, sawa na wati mara kumi. Namba ya kuulizia ni desibeli za juu kabisa ambazo spika hutoa umbali wa mita moja, nayo huandikwa kwa herufi ndogo kwenye ukurasa ambao muuzaji hajaufungua. Ngoma ya bendi iko jirani ya gitaa, na ngoma haina kitasa cha kupunguza.

Muuzaji akaona maswali yanazidi, akatoa simu na kumpigia singeli. Spika yoyote hupendeza kwa singeli. Mpiga solo hakuwa amebeba gitaa wala modela, na kwa maoni ya mwandishi huyu, hiyo ni sawa na kutokwenda dukani kabisa. Anayepiga muziki wa dansi anapaswa kusikia nyuzi zake mwenyewe, kwa sauti ya jukwaani, akiwa amesimama anakosimama siku zote. Tangu enzi za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, solo hujibizana na mwimbaji kwa sauti safi isiyo na vumbi, na sauti safi ndiyo inayofichua twita mbaya upesi kuliko kitu chochote. Wapiga roki wenye kukoroga sauti wanaweza kuvumilia. Kila noti ya sebene huhesabika. Kuna pia suala la spika ya kulaza sakafuni: katika spika nyingi twita imekaa juu ya wufa, ile spika kubwa ya sauti za chini, hivyo ukisogea hatua moja mchanganyiko wa sauti hubadilika. Ndiyo maana wengine hupenda zile zenye twita katikati ya wufa, mtindo ambao Tannoy wa Uingereza wameutumia tangu miaka ya 1940. Bei yake humrudisha mtu kwenye singeli.

Wakati anajiuliza, shemeji yake alitua kutoka Houston na spika ya inchi 12, zawadi, ikiwa bado kwenye sponji. Familia ikakusanyika sebuleni. Shemeji akafanya hotuba fupi kuhusu ubora wa vitu vya Marekani, akachomeka ukutani, na spika ikatoa sauti yake ya kwanza na ya mwisho siku hiyo: tap. Kule umeme wa nyumbani ni volti 120. Hapa ni 230. Nyuma ya spika kulikuwa na swichi nyekundu ya kuchagua, imelala upande wa 115, na karatasi ya maelekezo ilikuwa imeshafungiwa maandazi. Bahati nzuri kilichoungua ni fyuzi. Fundi akaibadilisha, akaisukuma swichi kwa bisibisi, kisha akamwambia shemeji, "Mzee, hii ya leo umelipia kusoma." Shemeji akacheka wa mwisho.

Sasa ikabaki kupanga sauti. Alifanya kazi hiyo usiku chumbani, sauti ikiwa chini kwa heshima ya mama mwenye nyumba. Akaongeza besi kidogo ijaze, akaongeza na makali ya juu yang'are, akalala ameridhika. Jumamosi ukumbini, mara sita au saba ya ile sauti ya chumbani, besi ikayafanya mapazi yatetemeke na makali yakawafanya wakwe wa meza ya mbele wageuze viti. Jambo hili lilichunguzwa zamani sana: Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Labs walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio husikia besi na sauti za juu hafifu mno pale muziki unapopigwa chini, na uhafifu huo hupungua kadiri sauti inavyopanda. Kilichoongezwa usiku kufidia sikio hugeuka ziada mchana. Isitoshe, aliilaza spika sakafuni pembeni mwa ukuta, na kona huongeza besi bila kuombwa.

Mpiga kinanda ndiye aliyemwokoa. Akaipandisha spika juu ya kreti mbili za soda, akaiondoa ukutani, akakata sauti zote za chini ya hezi 100 na za juu ya 6,000 kwenye modela. Hapo solo ikakaa mahali pake, kati ya besi na mwimbaji, na wakwe wakarudisha viti.

Kumbe msaada ule ulikuwa na sababu. Amplifaya ya gitaa ilikuwa na heri moja isiyoandikwa popote: hakuna aliyeiazima, kwa kuwa haifai kwa kingine. Spika ya masafa kamili hupitisha chochote, na ina matundu mawili nyuma. Mpiga kinanda aliingiza waya wake kwenye tundu la pili kabla hajamaliza kushukuriwa. Wakati wa chakula simu ya didjei ikachukua nafasi ya kinanda, na baada ya keki maikrofoni ya MC ikachukua nafasi ya simu. Mpiga solo alikuwa katikati ya sebene, macho ameyafumba, sauti mpya ya MC ilipotokea humohumo ndani ya spika yake:

"Kaka wa gitaa, punguza kidogo, shangazi wa bwana harusi anataka kusema neno."