Ngosi kwa Kamati

Kundi la WhatsApp la safari ya Ziwa Ngosi lina mwenyekiti, mweka hazina, mratibu wa picha na kamati ya sare. Kilichobaki ni safari tu. Ziwa lenyewe halina haraka: limetulia ndani ya kreta ya volkano, kwenye milima ya Poroto kule Rungwe, na ukingo wake umepita mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Unaacha lami Isongole, barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, kisha ni msitu, mianzi na matope.

Hayo hayajadiliwi. Kinachojadiliwa ni spika, mkaa wa nyama choma na rangi ya fulana. Krimu imeshinda, kwa wilaya ambayo mvua yake utadhani ina mkataba wa kudumu. Mmoja kauliza kama bodaboda inafika hadi ukingoni; mwingine, droni atachajia wapi. Aliyeshauri makoti ya mvua na mwongozaji wa kijijini ameambiwa asikatishe watu tamaa.

Na michango? Ahadi zimevuka lengo. Fedha taslimu zimepokelewa za mtu mmoja: yule wa makoti ya mvua.