Sifa za Kaloli wa Kampala

Msafiri anayeingia Kampala kwa mara ya kwanza kutoka Dar es Salaam huwa amekwisha kutayarishwa kumwona ndege mmoja tu: korongo taji. Ndiye aliyesimama katikati ya bendera ya Uganda tangu Oktoba 1962, na timu ya taifa ya kandanda inajiita kwa jina lake. Madukani yuko kwenye fulana, vikombe na vishikio vya funguo. Mjini kwenyewe haonekani. Anayeonekana, juu ya miti ya Chuo Kikuu cha Makerere, juu ya nguzo za taa na kwenye mapaa ya maghorofa, ni kaloli.

Basi na asifiwe huyu, maana hakuna aliyemchapishia fulana.

Tuanze na sura, kwa kuwa hapo ndipo wasengenyaji wanapoanzia. Kaloli ni korongo wa kutisha kwa ukubwa: akisimama anaweza kufika mita moja na nusu, na akikunjua mabawa hukaribia mita tatu. Kichwa na shingo ni upara mtupu wenye vinyweleo vya hapa na pale, na chini ya shingo unaning'inia mfuko wa ngozi ya waridi. Mgongo mweusi, kifua cheupe, mwendo wa taratibu: utadhani karani mstaafu anayefuatilia kiinua mgongo chake. Hata hivyo, upara ule una kazi. Anayeingiza kichwa ndani ya mzoga akiwa na manyoya shingoni hutoka na damu iliyogandia mahali ambapo mdomo hauwezi kufika kuisafisha. Kaloli aliachana na urembo mapema, akala kwa raha.

Miguu nayo. Kwa mbali ni myeupe, lakini rangi yake halisi ni ya kijivu iliyokolea. Weupe ule ni kinyesi chake mwenyewe, anachojimwagia makusudi ili majimaji yakikauka yampunguzie joto. Hoteli za mjini hupata ubaridi kwa bili kubwa ya umeme. Na wanaomwita mchafu wakumbuke kwamba manyoya laini ya chini ya mkia wake yalipamba kofia na mavazi ya mabibi wa Ulaya katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Haielekei kwamba mabibi hao waliuliza alikula nini mchana.

"Ssebo, huyo unampigia picha ya nini?" dereva wa bodaboda alimuuliza mgeni mmoja aliyekuwa amesimama kando ya jalala, simu mkononi. Swali la haki. Lakini mbele yao kaloli alikuwa kazini: alimeza utumbo wa kuku, akafuatisha mfupa, kisha akaanza kuvutana na mfuko wa plastiki ulionukia chipsi. Muuza rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, alimtishia kwa mwiko. Ndege alisogea hatua mbili, akasubiri. Hakupiga kelele, maana ni karibu bubu. Sana sana hugonganisha mdomo. Hadai posho wala hagomi, na zabuni yake haijawahi kupingwa.

Kituo chake kikubwa kilikuwa dampo la Kiteezi, kaskazini mwa jiji, lililofunguliwa mwaka 1996. Taka zililundikwa pale hadi Agosti 2024, mlima ule ulipoporomokea nyumba za watu na kuua zaidi ya 30. Katika malumbano ya nani alaumiwe, hakuna aliyekuwa na sababu ya kumtaja kaloli. Yeye alikuwa akiupunguza.

Sasa mtazame mheshimiwa wa kwenye bendera. Korongo taji anategemea ardhi ya chepechepe, na ardhi hiyo inageuzwa mashamba na viwanja vya nyumba. Tangu mwaka 2012 ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Kaloli anategemea taka, bidhaa ambayo haijawahi kuadimika mjini. Anayeenziwa anapungua, na anayedharauliwa analea makinda juu ya vichwa vya wanafunzi. Wakenya nao wasicheke, kwa kuwa ndugu zake wamejazana miaka mingi kwenye migunga ya Barabara ya Mombasa, karibu na Uwanja wa Nyayo.

Lipo shtaka moja ambalo hata wakili wake analikubali. Kinyesi kisichoishia miguuni huanguka chini, kizito, cheupe, chenye harufu ya kukata hamu ya chakula, na hakichagui gari la profesa wala la mgeni. Kwa hiyo anayekwenda Makerere aegeshe juani, hata kama kivuli kiko wazi na mlinzi anamwelekeza huko kwa tabasamu.